Miti Nyuma ya Miembe ya Misafara

Ndugu msomaji, ukijaliwa kusafiri kwa Reli ya Kati hadi Tabora, mji uliofikiwa na reli hiyo mwaka 1912, usikimbilie sokoni kununua asali. Toka kwanza nje kidogo ya mji hadi Kwihara, penye tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Utaoneshwa miembe. Utaambiwa, na ni kweli, kwamba miembe mikubwa ndiyo alama ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa, ikaishia Ujiji.

Ukisha kuitazama, geuka utazame nyuma yake. Mwembe ni mgeni. Asili yake ni Asia. Wenye nchi ni wale wengine: miyombo, mininga na jamaa zao. Mninga utautambua kwa utomvu wake mwekundu kama damu, na kwa tunda lake lenye bawa la mviringo na miiba katikati. Miyombo nayo huchipua majani mekundu kabla mvua hazijafika. Jina la mti huo wataalamu wamelichukua kutoka vinywani mwa wenyeji, na leo wanaiita miombo misitu yote ya namna hiyo, toka Angola hadi Msumbiji.

Mwezi Januari 1861 Speke na Grant walifika Kaze, karibu na hapa, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, kiongozi mashuhuri wa misafara. Njiani Grant alichuma mimea, akaikausha, na ikahifadhiwa katika bustani ya Kew, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mjerumani Richard Böhm alichunguza wanyama wa Unyamwezi. Jina lake limo hadi leo katika jina la kitaalamu la keremkerem mmoja, ndege mla nyuki, ambaye huitwa Merops boehmi. Je, wapagazi na warina asali walioijua misitu hiyo tangu utotoni? Majina yao hayakubandikwa juu ya ndege wala mti.

Haya si malalamiko ya kale tu, kwa maana siku hizi kazi ya kuandika viumbe haihitaji tena msafara wala ruhusa ya mfalme. Inaitwa sayansi ya wananchi. Tangu miaka ya 1980 Atlasi ya Ndege wa Tanzania imekusanya taarifa za watu wa kawaida waliojitolea kueleza ni ndege gani waliyemwona, wapi na lini. Kwa mimea na wadudu iko programu ya iNaturalist, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008. Mtu hupiga picha kwa simu yake. Simu huhifadhi tarehe na mahali. Watazamaji wengine hupendekeza jina, na wakikubaliana, taarifa hiyo huweza kutumiwa na watafiti.

Utauliza, ndugu, picha ya jani itamfaa nini mfanyakazi? Fikiri hivi. Misitu ya Tabora hukatwa kwa kukaushia tumbaku, kwa mkaa na kwa kufungua mashamba. Hatuwezi kusema mti umetoweka mahali ambapo hakuna aliyeandika kwamba ulikuwapo. Aidha, nyuki huyafuata maua: anayeandika kila mwaka siku ambayo mti wa kijijini kwake umechanua, anamwekea mrina asali kumbukumbu ya thamani. Na kwa kuwa watazamaji wengi huenda mbugani, vichaka vya kando ya nyumba zetu husahauliwa. Yuko ndege mdogo wa rangi ya hudhurungi, mwenye mkia mwembamba, ambaye baadhi ya vitabu vya Kiingereza vimempa jina la Tabora. Ni wangapi kati ya wakazi wa Tabora wanaomjua?

Lakini kamera haijui yote. Mti una jina la Kinyamwezi, una matumizi, una miiko. Hayo yamo vichwani mwa wazee, na mzee akifariki hayapatikani katika simu. Kwa hiyo kijana apige picha, na babu au bibi ataje jina. Yote mawili yaandikwe pamoja. Tahadhari nayo ni lazima: usiingie hifadhini bila kibali, usisogelee mizinga ya watu, wala usitangaze mahali penye kiumbe adimu, maana mwindaji naye anasoma.

Basi Jumapili hii, hata kama hukai Tabora, wachukue watoto hadi kwenye mti mmoja ulio karibu nanyi. Ulizeni jina lake kwa lugha ya nyumbani, andikeni tarehe, kisha mrudi mwezi ujao. Wapagazi waliipita njia ile wakiyajua mengi, wakaenda nayo. Sisi tunayo kalamu.