Nimeacha otomatiki, nimerudi kwa gia za mkono

Nimebadilisha gari. Ile Toyota ndogo ya otomatiki, iliyokuwa inakunywa mafuta kidogo, nimeitoa na kuongeza pesa juu, nikapata jipu ya zamani ya gia za mkono. Mama watoto akaniuliza mbele ya wageni: "Baba, ulikosa nini kwa ile?"

Nilikosa kuendesha. Njia yangu ni Bukavu hadi Uvira, na anayejua Ngomo, zile kona zinazoshuka kuelekea Kamanyola, atanielewa. Unaingiza gia ya pili kabla ya kona, injini yenyewe inashika uzito wa gari, breki zinapumzika zisiwake moto. Mkono unasikia kila kitu. Mara nyingine ninacheka peke yangu, hata redio sifungui.

Kuna wanaosema furaha ya gari si habari ya kuandika wakati jamaa zetu wanalala makanisani. Sikubali. Juma lililopita nilibeba familia ya watu saba waliokimbia vita, betri ikakufa Luvungi. Wakashuka, wakasukuma; gia ya pili, nikaachia ambreyaji, injini ikawaka. Otomatiki ingetulaza palepale.

Baba wa familia ile alikuwa dereva wa lori kabla ya kukimbia. Aliniomba usukani, nikampa hadi Sange. Alibadilisha gia bila kelele hata moja, na watoto wake huko nyuma wakaanza kuimba.