Jembe Haliachwi Mtoni

Ukambani mto unaweza kuwa mkavu na bado una maji. Kiangazi kikikaza unachimba mchanga wa Thwake au Tiva, unangoja maji yajichuje polepole. Lakini jembe, kata na mtungi unatoka navyo nyumbani. Hakuna anayefukia jembe mtoni eti atalikuta huko.

Kompyuta nayo ina swali hilo hilo: ikiwashwa tu, kabla haijaamka yote, iwe na amri zipi mkononi?

Swali lenyewe ni la kitambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maabara ya Bell kule Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakijenga Unix kwenye mashine ya PDP-11. Diski ya kwanza ikajaa. Programu zikamwagikia diski ya pili, /usr, palipokuwa na faili za watumiaji. Sasa hapo ndipo kazi ilipo: amri ya mount, inayounganisha diski ya pili, haiwezi kukaa ndani ya diski hiyo hiyo ya pili. Itakuwa umefungia ufunguo ndani ya nyumba. Kwa hivyo zile za lazima zikabaki diski ya kwanza, kwenye /bin.

Linux ikarithi desturi hiyo. Siku hizi keneli huanza na mfumo mdogo ulio kwenye memori, initramfs. Ndani yake mara nyingi kuna BusyBox, ambayo Bruce Perens aliianza mwaka wa 1995 ili zana za kuwashia na kuokoa Debian zitoshe kwenye flopi moja.

Mimi nilikutana nayo Wote, kwenye saiba ya shangazi. Stima ilipotea jioni, ikarudi, na mashine ya Ubuntu ikakwama kwenye skrini nyeusi: (initramfs). Ndani yake kulikuwa na kijitabu cha mazishi, kurasa nane, picha za marehemu tangu akiwa shule. Familia ilikuwa inaondoka alfajiri kwenda Mutomo, kule Kitui. Kijana wa marehemu alikaa kwenye benchi, hasemi kitu.

"Itaamka?" Anti akauliza.

"Wacha ijikague kwanza, Anti."

Hapo hakuna brauza, hakuna LibreOffice, hata mausi haisaidii. Lakini fsck ilikuwepo. Nikaandika fsck -y na jina la diski, ikarekebisha kosa baada ya kosa. Nikaandika exit, mashine ikawaka. Saa nne usiku printa ilikuwa bado inalia.

Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameamua fsck iingie na vingine vingi vibaki nje.

Fedora iliunganisha /bin na /usr/bin mwaka wa 2012. Kufikia Debian 12, mwaka wa 2023, /bin ni kiungo tu. Wengine husema basi mjadala umeisha. Naona umehama tu, ukaingia initramfs: kila unachoongeza kinakula memori, na unachoacha huenda ndicho mtu atakitafuta usiku kama ule.

Tangu niache chuo, watu hupenda kuniuliza nina nini mkononi. Nina machache. Huyapima kama amri za /bin: je, yanatosha kunifikisha kwa mengine?