Mchagua Jembe si Mkulima?

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kuitumia methali hii kumkemea mvivu, yule ambaye kila mpini aushikao una kasoro ilhali msimu wa kupanda unampita. Sikusudii kuipinga hekima hiyo. Hata hivyo, mwezi wa Aprili mwaka 2023, nikiwa nyumbani kwetu Kisian, nilitumia wiki tatu nzima kuchagua chombo cha kazi, na mwishowe nikabaini kwamba methali ile imelinyamazia swali moja: jembe lenyewe litashikwa na nani?

Kisian iko magharibi mwa jiji la Kisumu, pale ambapo barabara ya Bondo huachana na ile ya Busia. Nyuma yetu kuna vilima vya mawe, na mbele yetu Ziwa Viktoria. Ua wetu si mkubwa. Ni kama hatua kumi na tano kwa ishirini. Lakini masika yakianza, nyasi hazimngoji mtu. Kwa miaka mingi kazi ya kuzifyeka ilikuwa ya baba. Fyekeo lake lilikuwa bapa la chuma lililopindwa ncha na kutiwa mpini wa mti, naye alilinoa kwa tupa kila Jumamosi. Alipoaga dunia mwaka 2019 tulimzika papo hapo nyumbani, kama ilivyo desturi yetu Waluo. Fyekeo likapokewa na mama. Baada ya miaka minne, bega lake la kulia likagoma.

Mimi, kwa kiburi cha mtu aliyesoma, nilikuja na majibu mawili. La kwanza lilikuwa kibarua: kijana wa jirani angefyeka kwa ujira mdogo, nasi tungepumzika. Mama alikataa, wala hakutoa sababu. La pili lilikuwa mashine ya petroli, ile nzito ivaliwayo begani kwa mkanda. Hapo aliniuliza swali moja tu: "Na wewe ukirudi chuoni, nani ataivuta hiyo kamba mpaka iwake?"

Ndipo nikageukia mashine ndogo ya umeme, ile ifyekayo kwa uzi wa nailoni badala ya chuma. Chombo hiki kina historia ya kupendeza. Mwaka 1971, huko Houston nchini Marekani, George Ballas aliitazama brashi ya kuoshea magari ikizunguka, akapata wazo. Alitoboa mkebe, akapitisha ndani yake uzi wa kuvulia samaki, kisha akauzungusha kwa mota. Uzi uliolegea ukizungushwa mara elfu kadhaa kwa dakika hunyooka na kukakamaa, ukakata majani mabichi. Lakini ukigonga jiwe husalimu amri, huku chuma kingepata pengo. Nilipomsimulia mama habari hii alicheka. "Basi huo ni mshipi," akasema. Watu wa ziwani hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Nami niliyekuwa nimekwisha kuunda istilahi yangu, "fyekeo la umeme", nikifuata kanuni ya kufyeka, kufyekea, fyekeo, nilinyamaza. Tangu siku hiyo mashine hiyo kwetu huitwa mshipi.

Ilibaki kuchagua kati ya ile ya betri na ile ya waya. Nilivutiwa na ya betri, maana stima hupotea mara kwa mara. Nikapiga hesabu. Betri ya volti 18 yenye uwezo wa saa-ampea 4 hubeba saa-wati 72. Mota ikila wati 250, betri hiyo itaishiwa baada ya dakika kumi na saba hivi. Isitoshe, betri huongeza uzito mkononi, na ikizeeka sharti upate nyingine ya aina ile ile. Ile ya waya ya wati 500, ikifanya kazi kwa saa nzima, hutumia nusu ya uniti moja ya umeme tu. Nilipomweleza mama hofu yangu ya stima kupotea, alinitazama kwa huruma. "Ikipotea nitangoja. Nyasi hazina miguu."

Tulinunua ya waya, yenye uzito wa kilo mbili hivi. Pamoja nayo tulinunua waya mnene wa kurefushia umeme, unaofaa kutumiwa nje, na miwani ya kukinga macho, kwa kuwa uzi ule hurusha changarawe. Tuliafikiana pia juu ya masharti: gambuti miguuni, waya nyuma ya mgongo daima, na kazi isianze kabla umande haujakauka. Uzi wa akiba nao uwe wa unene ulioandikwa kwenye mashine, wetu ukiwa milimita 1.6, kwani mnene zaidi huilemea mota.

Jirani mmoja alitupongeza kwa kufukuza malaria. Nilishukuru, ingawa sikutaka kujidanganya. Mbu hutaga mayai majini, na utafiti mkubwa uliofanyiwa Asembo na Gem mwishoni mwa miaka ya 1990 ulidhihirisha kwamba kinachowakinga watoto ni chandarua chenye dawa. Sisi hatukufyeka malaria. Tulichofyeka nilikielewa siku ya kwanza ya kazi.

Mama hakuanzia mlangoni wala kwenye kijia. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kaburi la baba, akazunguka kingo za saruji polepole, uzi ukilamba nyasi bila kuudhuru ukuta. Alipomaliza alizima mashine, akafuta jasho. "Sikutaka kibarua anifanyie hili," akasema. "Nilitaka kulifanya mwenyewe." Wiki tatu nilikuwa nimepima wati na volti, nisimwulize mwenye bega kile ambacho bega lake lilitamani.

Fyekeo la baba halikutupwa. Uzi hauwezi vijiti vya lantana kwenye ua wa kando ya barabara, kwa hiyo kijana wa jirani huitwa, hulinoa kwa tupa ile ile, na hulipwa ujira wake.

Mchagua jembe huenda si mkulima. Lakini anayemchagulia mwenziwe jembe ana wajibu wa kuuliza kwanza mkono utakaolishika ni wa nani, na unataka kulima wapi.