Nauli ya Mpira

Mpira ulinifikia kabla sijauona uwanja. Nilikuwa napanda ngazi za stesheni ya Five Points, katikati ya jiji la Atlanta, kadi ya nauli ingali mkononi, natafuta mlango wa kutokea Peachtree Street. Kitu kikadunda ngazi ya juu, kikadunda ya pili, kikanipiga ugoko na kuendelea kuteremka kuelekea kwenye mageti. Mama mmoja aliyevaa sare za hospitali, macho mazito ya mtu aliyekesha zamu, aliukanyaga ukatulia, akainua kichwa, kisha akaurudisha juu kwa ncha ya kiatu kana kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Watoto wakampigia makofi. Askari wa stesheni hakugeuza hata shingo.

Mdogo wangu, aliyekuwa akiishi Atlanta mwaka wa tisa na hakuwa amepanda treni hata mara tano, alikuwa ameniambia kwamba habari ya uwanja wa soka ndani ya stesheni ni porojo za intaneti. Hiyo ilikuwa Oktoba 2019. Jumamosi asubuhi nikamwacha na gari lake, nikalipa dola mbili na nusu, nikaenda kujionea.

Kiwanja chenyewe kilikuwa kidogo hata unataka kucheka. Golikipa mwenye mkono mzuri angeweza kumtupia mwenzake wa upande wa pili bila jasho. Zilikuwa nyasi bandia za kuchezea watano kwa watano, zimetandikwa mahali palipokuwa na jukwaa la wazi la maonyesho ambalo kwa miaka halikuwa na kazi. Watazamaji waliketi kwenye saruji, na siku ile watazamaji wenyewe walikuwa wazazi, wazee wawili wasio na makazi waliokuwa wakishangilia kuliko wazazi, na abiria waliosimama dakika mbili na kujikuta wamekaa ishirini. Chini yetu njia za treni za mashariki na magharibi zinakatana na za kaskazini na kusini. Kila treni ilipoingia niliisikia kwanza kwenye nyayo, halafu masikioni.

Nilimtazama zaidi binti mmoja wa kama miaka kumi na miwili, nywele kazisuka mabutu, jezi imemfika magotini. Hakuwa na mbio. Alikuwa akiuviringisha mpira chini ya wayo, kushoto, kulia, kushoto, bega limeinama kidogo, na ilinichukua muda kutambua nilichokuwa nakiona: ni chenga za mpira wa kikapu zilizohamia miguuni. Beki aliyemfuata akapanua miguu. Tobo. Wale wazee wawili wakainuka na kukumbatiana.

Kocha, kijana mweusi mzaliwa wa hapo hapo mjini, aliniambia kwamba yeye mwenyewe aligusa mpira wa miguu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na kitu. Mtaani kwao kila kona ilikuwa na goli la kikapu, na shuleni walikuwa na ule mchezo wao wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Soka? Soka lilikuwa kitu cha kwenye televisheni, cha watoto wanaopelekwa kwa gari.

Hilo neno, kupelekwa, ndilo lililonikaa moyoni. Mimi nimekulia Tandika, Dar es Salaam. Mpira wetu wa chandimu ulikuwa soksi na mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba, na timu ilipatikana kwa kupiga mluzi. Marekani mluzi haufiki. Tangu miaka ya 1970 soka lilistawi huko kwenye vitongoji vya pembezoni, kwenye nyumba zenye bustani na gari mbili, na klabu za watoto zikajengwa kwa mfano wa maisha hayo: ada inayoweza kufika maelfu ya dola kwa mwaka, jezi tatu, safari za mechi hadi majimbo mengine, hoteli. Na juu ya yote hayo, mtu mzima mwenye gari na nafasi ya kukaa pembeni ya uwanja Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni. Mtoto wa katikati ya jiji hakupungukiwa miguu. Alipungukiwa nauli, na hata angekuwa nayo, treni haikuwa inakwenda huko.

Kwa nini haikwenda? Hapa Atlanta ina historia yake, na si nzuri. Mwaka 1971 wakazi walipopiga kura kuhusu mtandao wa treni na mabasi uitwao MARTA, kaunti za Fulton na DeKalb zilikubali. Clayton na Gwinnett zikakataa. Cobb ilikuwa imeshakataa mapema zaidi. Sababu zilizotajwa hadharani zilikuwa kodi. Sababu zilizosemwa chini kwa chini ziliingia kwenye utani ambao kila mwenyeji wa Atlanta anaujua: kwamba herufi za MARTA ni kifupi cha kuwasafirisha Waafrika upesi kupitia Atlanta. Mimi, Mwafrika wa asili kabisa niliyekuwa nasafirishwa upesi asubuhi ile, nilicheka niliposimuliwa, halafu kicheko kikanikauka. Clayton ilibadili msimamo mwaka 2014. Gwinnett iliulizwa tena Machi 2019, miezi saba tu kabla ya safari yangu, ikakataa kwa mara ya tatu.

Basi ramani mbili, ya reli na ya viwanja vizuri vya soka, zikapeana mgongo. Reli ziliishia pale pale ambapo nyasi zilianzia.

Walioigeuza hesabu hiyo ni shirika la Soccer in the Streets, lililoanzishwa mwaka 1989 na Carolyn McKenzie kwa ajili ya watoto wa familia zenye kipato kidogo. Kwa miaka mingi walifanya kama wafanyavyo wengi, kubeba mipira na kuifuata mitaa. Kisha Sanjay Patel, mmoja wa watu wao, akaja na wazo ambalo likishasemwa linaonekana jepesi: kama mtoto hawezi kufika uwanjani, uwanja uje kwenye stesheni. Five Points ikafunguliwa mwaka 2016, West End ikafuata mwaka 2018, na mpango ukawa kufika viwanja kumi, kila kimoja na timu zake, watoto wakienda ugenini kwa treni. MARTA nayo haikutoa sadaka. Sehemu iliyokuwa imekufa ilipata uhai, na stesheni yenye watoto na wazazi ni salama kuliko stesheni yenye kamera. (Mwaka huo huo wa 2016 Dar es Salaam tulianza kupanda mabasi ya mwendokasi. Vituo tunavyo, abiria tunao mpaka wa kuning'inia. Viwanja vya wazi vya mitaani ndivyo tunavyoviacha viliwe na kuta za nyumba. Nimalize hapo, nisije nikaharibu safari.)

Mechi ilipoisha watoto walifungasha kwa haraka ya kushangaza. Walikuwa na mchezo wa pili, West End, vituo viwili kusini. Kocha akahesabu vichwa kabla ya mageti, akahesabu tena jukwaani, nami nikajiunga mkiani. Hapo ndipo nilipomsikia mwanamume mmoja akimkemea mwanawe kwa Kiswahili: "Funga kamba ya kiatu, utaanguka ku ngazi." Nikageuka kama niliyeitwa kwa jina.

"Shikamoo, kaka," nilisema, ingawa huenda nilimzidi umri. Mshangao una adabu zake.

Alicheka hadi akashika bomba la treni. "Dada! Weye unatoka Kigoma?"

"Dar es Salaam."

"Ah, Dar sikufikaka. Nilikaa ku kambi ya Nyarugusu miaka kumi na tisa. Dar nilisikiaka tu ku redio."

Ni Mkongomani kutoka upande wa Fizi. Sasa anaishi Clarkston, mji mdogo mashariki ya Atlanta ambao tangu mwishoni mwa karne iliyopita umepokea wakimbizi wa mataifa mengi kiasi kwamba madukani unaweza kusikia Kinepali, Kisomali na Kiswahili kwenye foleni moja. Usiku anakata nyama katika kiwanda cha kuku, akienda na kurudi kwa gari dogo la kuchangia na wenzake. Jumamosi hana usafiri. Mwanawe, miaka kumi, alizaliwa kambini.

"Ku kambi batoto balikuwa banachezaka bule," aliniambia. "Mupira ya makaratasi, lakini bule. Kufika huku balinionyesha karatasi ya klabu. Nikaona makuta yake, nikawaza ni bei ya motoka."

Kwa hiyo Jumamosi wanatoka asubuhi kwa basi hadi stesheni ya Kensington, kisha treni. Ni zaidi ya saa nzima. Nikamuuliza kama hakuna viwanja Clarkston kwenyewe. Vipo sasa, alisema, na timu zipo. Lakini mtoto amependa hii ya treni.

Mji huo nao una kumbukumbu yake ya mpira. Mwaka 2004 Luma Mufleh, mwanamke mzaliwa wa Jordan, alianza kuwafundisha soka watoto wakimbizi wa Clarkston, wakajiita Fugees. Mwaka 2006 meya wa wakati huo akapiga marufuku soka katika bustani ya mji. Mahali pale, alisisitiza, ni pa besiboli na ule mchezo wa kofia ngumu. Bustani yenye majani mazuri, watoto wanaotafuta majani, na karatasi yenye mhuri katikati yao. Baraza la mji likaja kuwaruhusu kwa muda. Nilipomsimulia mwenzangu hakushtuka. Mtu aliyekaa kambini miaka kumi na tisa anajua vibali.

West End ni mtaa wa kale wenye wakazi wengi weusi, vyuo vya Morehouse na Spelman havipo mbali. Kiwanja kiko ubavuni mwa stesheni, mahali peupe zaidi kuliko Five Points, na upepo unaleta harufu ya samaki wa kukaanga kutoka ng'ambo ya barabara. Watoto wetu (tayari nilikuwa nasema wetu) walipigwa mabao manne kwa moja. Sina la kuongeza juu ya mechi hiyo, isipokuwa kwamba golikipa wetu alikuwa anatazama treni.

Kilichonishika kilikuwa kofia. Mzazi mmoja alivaa kofia nyeusi na ya dhahabu ya Kaizer Chiefs, aliyonunua Johannesburg alipokwenda kutalii. Aliipenda rangi tu. Nikamuuliza kama anajua kwa nini timu ya Soweto ina nembo ya chifu wa wenyeji asilia wa Marekani mwenye manyoya kichwani. Hakujua, na nikapata raha ambayo mgeni huipata mara chache: kumsimulia mwenyeji habari za kwao.

Atlanta ilikuwa na timu ya kulipwa iliyoitwa Atlanta Chiefs. Kocha wake, Phil Woosnam kutoka Wales, alikuja Afrika kutafuta wachezaji. Akapata Wazambia, Freddie Mwila, Emment Kapengwe na Howard Mwikuta, na akampata kijana wa Soweto aitwaye Kaizer Motaung. Mwaka 1968, mwaka ambao Atlanta ilimzika Martin Luther King mwezi Aprili, timu hiyo iliwafunga Manchester City, mabingwa wa Uingereza, mara mbili, kisha ikatwaa ubingwa wa Marekani. Motaung akarudi kwao, na mwaka 1970 akaanzisha klabu akaipa jina lake na jina la timu ya Atlanta. Leo jina hilo linajaza viwanja Afrika Kusini, na hapa lilikotoka limesahaulika. Yule mzazi akaivua kofia akaitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba noti aliyonayo mfukoni ni ya thamani zaidi.

Mtu atauliza: na Atlanta United, timu ya kulipwa ya sasa, je? Ni kweli, wametikisa. Walianza ligi mwaka 2017, na Desemba 2018 walitwaa ubingwa mbele ya watazamaji 73,019 katika uwanja wa Mercedes-Benz, jengo lililogharimu dola bilioni moja na nusu na ushei. Lipo jirani na Vine City, mtaa wa kimaskini alikoishi King, na ili lijengwe makanisa mawili ya kale ya watu weusi yalihamishwa. Ndani yake baadaye Kombe la Dunia la 2026 likapangiwa mechi nane. Jezi za timu hiyo, nyekundu na nyeusi, nimeziona mpaka kwa wauza maji kwenye mataa, na sitaki kujifanya kwamba hilo ni dogo. Mtoto huanza kwa kutaka kufanana na mtu. Lakini ukumbi ule unamfundisha kukaa na kutazama. Pale stesheni nilihesabu watoto kumi na saba na sikumwona hata mmoja aliyekaa.

Tulirudi pamoja na yule ndugu yangu wa Fizi, tukabadilisha treni Five Points na kushika ya mashariki. Yeye akalala kabla ya stesheni ya King Memorial, kichwa kwenye kioo. Usiku ule alikuwa na kuku. Mtoto akauweka mpira mapajani, njumu zimening'inia shingoni, kipande cha nyasi bandia kimemganda gotini. Mbele yake aliketi bibi mmoja mweusi, kofia ya kanisani yenye ua la zambarau, aliyemtazama tangu tulipoingia.

"Unachezea timu gani, mwanangu?" akamuuliza.

"Five Points," mtoto akajibu.

Bibi akainua macho kwenye ramani iliyo juu ya mlango, akafuata mstari wa buluu kwa kidole, kisha akamtazama kwa huruma yule baba aliyelala.

"Mwanangu," akasema, "Five Points mmeshaipita."