Barafu Kati ya Almasi Mbili

Grenoble, Ufaransa

Mwalimu wangu,

Nimefika salama. Milima imeuzunguka mji na theluji ingali vileleni. Habari za chakula na baridi nitakusimulia nikirudi. Leo nina jambo moja lililoninyima usingizi.

Unalikumbuka lile bomba la sindano? Ulivuta maji ya moto kiasi, ukaziba tundu kwa kidole, ukavuta pistoni, maji yakachemka bila jiko. Kabla ya hapo ulitutaka kila mmoja aandike ubashiri wake daftarini. Mimi niliandika kwamba hakuna kitakachotokea. Basi, jana nimeliona jaribio lile kwa upande wake wa pili: badala ya kupunguza mgandamizo, tuliuongeza.

Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. Ndani mna almasi mbili zinazotazamana ncha kwa ncha, na katikati yake bati jembamba lenye tundu dogo kuliko nukta ya kalamu. Humo huwekwa maji na punje ya yakuti, kisha skrubu zinakazwa. Wewe wa Shinyanga unaijua almasi ya Mwadui kwa bei yake. Huku inapendwa kwa ugumu wake, na kwa kuwa inapitisha mwanga, hivyo unakichungulia kile kinachobanwa. Yakuti ndiyo kipimo: ikimulikwa kwa leza hung'aa nyekundu, na rangi hiyo husogea kadiri mgandamizo unavyopanda. Alvin Van Valkenburg na wenzake walikibuni kifaa hiki Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa almasi zilizokamatwa kwa wasafirishaji wa magendo.

Kabla ya kukaza, mwenyeji wetu akauliza: mnadhani maji yatafanya nini? Nikakukumbuka palepale. Nikaweka jicho kwenye hadubini. Mgandamizo ulipofika karibu mara 10,000 ya ule wa hewa tunayovuta, fuwele zikaanza kuota, angavu, zenye kona kali. Barafu, Mwalimu! Na chumba kina joto la kawaida. Molekuli zake zimepangwa tofauti na za barafu ya friji. Wanaiita barafu ya sita, nayo huzama majini badala ya kuelea.

Ila kilichonileta hasa ni chembe za nano. Hapa kuna sinkrotroni, duara lenye mzingo wa mita 844 ambamo elektroni huzungushwa ili zitoe eksirei kali za kuchunguzia atomu zikiwa zimebanwa vile vile. Chukua kadimi selenaidi. Kipande cha kawaida kikifika gigapaskali 3 hivi, atomu zake hujipanga upya kama za chumvi ya kupikia. Mwaka 1994 Sarah Tolbert na Paul Alivisatos walionyesha kwamba fuwele ikiwa ya nano, kadiri ilivyo ndogo ndivyo inavyohitaji kubanwa zaidi. Sababu iko kwenye uso: atomu nyingi ziko nje, na kuzihamisha kunadai nishati ya ziada.

Hili limenigusa, maana darasani nasema sifa kama hii, yaani mgandamizo unaobadili mpangilio wa atomu, ni za dutu yenyewe, iwe punje au gunia. Sentensi hiyo lazima niirekebishe.

Bomba bado unalo? Shule zikifunguliwa nataka kidato cha tatu waanze nalo: wabashiri, wavute, waone, ndipo niwaonyeshe video ya barafu niliyopewa. Lakini hilo la punje na gunia sijapata jaribio la kulionyesha kwa vifaa tulivyo navyo. Nisaidie kulifikiria.

Msalimie sana Mama.

Mwanafunzi wako