Mgongo wa Mchukuzi

Msimu mmoja wa mahindi hapa Sumbawanga nilimhimiza mchukuzi apandishe gunia la kilo 100 kwenye pikapu kwa ubao mwembamba. Ubao ukateleza, akaanguka. Siku nyingi aliswali ameketi.

Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mmoja asibebe zaidi ya kilo 55. Nikamwendea fundi, akaniundia daraja la chuma la kukunja, lenye bawaba katikati na kulabu za kushika ukingo wa gari. Sakafu ya gari ina kimo cha sentimita 80, daraja urefu wa mita 2.4; basi gunia likisukumwa kwa toroli, nguvu itakiwayo ni kama theluthi ya uzito wake.

Fundi alimaliza kwa siku mbili. Nami miaka yote nilikuwa nikitumia mgongo wa ndugu yangu.