Kabichi Haina Mafuta

Mzee aliyenitoa ujinga alikuwa na mashine ya kukamua alizeti huko Singida. Tulikuwa viwanja vya Nzuguni, Dodoma, wakati wa Nane Nane, na mimi ndio kwanza nimeajiriwa ubibi shamba. Banda letu lilijaa kabichi za kupendeza, na kibao nilikuwa nimekiandika mwenyewe kwa kalamu nene: Brassica oleracea, kabichi yenye mafuta. Mzee alisoma, akavua kofia, akasoma tena.

“Mwanangu,” akaniuliza kwa upole, “gunia moja la hizi linatoa lita ngapi?”

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikageuka kupanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Chuoni tulikariri majina ya kisayansi kama kasuku. Mlonge ni Moringa oleifera, na nilikumbuka vizuri kwamba oleifera maana yake ni wenye kuzaa mafuta. Basi nilipokutana na oleracea, sikio likasikia “ole”, nami nikaona nimeshafika.

Nilimsimulia baba mkubwa, aliyesoma seminari miaka mingi kabla ya kuamua kuoa. Hakucheka. Aliniuliza, “Kufa na kufaa ni neno moja?” Kisha akachukua karatasi. Oleum ni mafuta. Olus, ambalo kwa wingi huwa olera, ni mboga. Oleracea basi ni ya bustani ya mboga, na Linnaeus, aliyeiandika kabichi kwa jina hilo mwaka 1753, hakuwa akiwaza mafuta. Kwenye oleifera kazi inafanywa na mkia: -fera ni yenye kubeba, yenye kuzaa. Ndiyo maana mnazi ni Cocos nucifera, wenye kuzaa kokwa, na mwembe umebeba maembe yake ndani ya jina, Mangifera.

Lakini kilichonibadilisha hasa kilikuwa kidogo kuliko hicho. Miaka yote nilidhani sativa, sativus na sativum ni sifa tatu tofauti, na nilizikariri kwa mateso: mpunga Oryza sativa, figili Raphanus sativus, kitunguu saumu Allium sativum.

“Hizo ni ngeli tu,” alisema baba mkubwa. “Mti mrefu, kiti kirefu, nyumba ndefu. Urefu si uleule? Zote tatu maana yake ni cha kupandwa. Tena Kilatini kina jinsia tatu tu, wewe una ngeli ngapi?”

Nilitamani kulia. Nilikuwa nimehangaika na jambo ninalolifanya kila nikifungua kinywa.

Tangu siku hiyo sikio langu siliamini. Neno nalikata vipande, kila kipande nakiuliza kwao ni wapi. Pilipili kichaa, Capsicum frutescens, ilikaribia kunitega. Nilishashika kalamu kuandika “yenye matunda mengi”, nikaona kabla ya t hakuna c. Tunda ni fructus; frutex ni kichaka. Sifa ile inasema mmea unakuwa kichaka, basi, matunda hayakutajwa.

Kuna mahali ambapo hata kukata vipande hakusaidii. Mkwaju ni Tamarindus indica. Tamarindus imetoka kwenye Kiarabu, tamr hindi, yaani tende ya India, halafu wakaongeza indica, ya India. Uhindi mara mbili, kwa mti wenye asili ya Afrika! Hapo waliokosea ni wenye majina yao, mimi simo.

Vibao vya banda letu bado naviandika mimi, ila sasa naanza kwa penseli. Cha kabichi kinasema Brassica oleracea, mboga. Cha mlonge kipo meza ya pili, kando ya kichupa cha mafuta ya mbegu zake, na anayetaka kujua lita ngapi aulize huko.